Kujitolea Kama Msanifu Majengo Nje ya Nchi: Kazi Iko Saiti Kuliko Kwenye Mchoro

Wasanifu wengi wanaojitolea hufika mapema mno na kuondoka mapema mno. Huja wakati wa kuchora, wakapiga picha na watoto wa kijiji, kisha wakapanda ndege wiki moja kabla ya zege la kwanza kumwagwa. Mchoro unaweza kuutuma kwa barua pepe. Ukaguzi wa nondo kabla hazijafunikwa na zege hautumwi. Kwa hiyo kama una likizo moja tu ya kutoa, ipange iangukie kwenye mojawapo ya hatua tatu: msingi, mkanda wa zege juu ya kuta, au ufungaji wa paa. Hapo ndipo jengo hupona au hufa, na hapo ndipo macho ya mtaalamu yana thamani kuliko mahali pengine popote.

Nepal ilionyesha umuhimu wa hatua hizo baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015. Serikali ilitoa ruzuku ya rupia 300,000 kwa kila kaya iliyostahili kujenga upya, lakini kwa awamu tatu: 50,000, kisha 150,000, kisha 100,000. Ili kupata awamu inayofuata, nyumba ilibidi ikaguliwe na kuonekana inafuata kanuni za kuhimili tetemeko. Mwenye nyumba ndiye aliyejenga, mtaalamu akakagua kila hatua. Mfumo huo ulikuwa na ucheleweshaji wake, ila unakuonyesha kazi yako inaanzia wapi.

Nani akupeleke

Usijipeleke mwenyewe. Msanifu aliyefika peke yake kwenye eneo la maafa ni mdomo mwingine wa kulishwa na kitanda kingine cha kutafutwa. Kuna mtandao wa Architecture Sans Frontières, ambao mizizi yake ni shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1979 na sasa una vikundi katika nchi nyingi. Kuna Habitat for Humanity iliyoanza Marekani mwaka 1976. Kuna mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, UNV, wenye makao makuu Bonn, Ujerumani. Huu huwapa watu wake posho ya kujikimu, na nafasi zake za wataalamu huhitaji uzoefu wa kazi, si cheti pekee. RedR, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1980 kwa ajili ya wahandisi, huendesha mafunzo ya kazi za dharura ambayo msanifu pia hufaidika nayo.

Kwenye maafa makubwa, masuala ya makazi huratibiwa na kundi moja la mashirika, Global Shelter Cluster. Pale ambapo chanzo ni vita au mtafaruku wa kisiasa, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ndiyo huongoza. Pale ambapo chanzo ni tetemeko, mafuriko au kimbunga, kwa miaka mingi uongozi ulikuwa wa shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, IFRC. Uliza shirika lako kama linahudhuria vikao vya kundi hilo katika nchi husika. Lisipohudhuria, huenda unakwenda kujenga shule kilomita mbili kutoka shule nyingine inayojengwa na wengine.

Kabla ya kukubali, omba majibu ya maandishi kwa maswali haya:

- Ardhi ni ya nani, na hati au makubaliano yako wapi?
- Fedha za kumaliza jengo zima zipo benki, au zipo za msingi tu?
- Msanifu na mhandisi wa nchi hiyo watakaotia saini michoro ni akina nani?
- Nani atalipa mishahara, dawa, umeme na matengenezo jengo likishafunguliwa?
- Jengo la mwisho walilokabidhi liko katika hali gani leo?

Swali la fedha usilionee haya. Architecture for Humanity, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kusifiwa dunia nzima, ilifunga ofisi yake San Francisco mwanzoni mwa 2015 kwa sababu fedha ziliisha. Sifa hazimalizii paa. Na ukiona shirika linakutoza pesa nyingi ili uje kupanga tofali kwa wiki mbili, jiulize kwa nini kazi hiyo haifanywi na fundi wa pale pale anayehitaji ujira. Unachostahili kupeleka ni kile ambacho kule kimepungua: hesabu ya vifaa, ukaguzi, michoro inayosomeka, mafunzo kwa wasimamizi.

Karatasi kabla ya begi

Viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata kama hulipwi. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi, na anayekamatwa hufukuzwa yeye na kuliacha shirika likijibu maswali. Shirika likupe barua ya mwaliko inayotaja kazi utakayofanya, na uombe viza inayolingana nayo. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele.

Jina la msanifu majengo linalindwa kisheria katika nchi nyingi. Usajili wako wa nyumbani hauvuki mpaka. Usitie saini wala muhuri wako kwenye mchoro wa kuombea kibali. Hiyo ni kazi ya mwenzako aliyesajiliwa kule, naye alipwe. Wewe uitwe mshauri, na mkataba wako useme hivyo.

Bima ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya afya, na lazima iwe na kipengele cha kukusafirisha kwa dharura hadi hospitali ya nchi nyingine. Ya pili ni ya dhima ya kitaaluma, inayokulinda jengo likiharibika kwa ushauri wako. Bima za dhima mara nyingi huishia kwenye mpaka wa nchi iliyoitoa, na nyingine hukataa kazi isiyo na malipo. Mwandikie kampuni ya bima, upate jibu la maandishi. Ikikataa, shirika likuweke chini ya bima yake au uchague kazi isiyobeba dhima ya usanifu, kama kufundisha na kukadiria vifaa.

Chanjo ya homa ya manjano huhitaji kutangulia: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Pepopunda usiisahau, maana saiti imejaa misumari. Droni na simu ya setilaiti uziulizie kwanza. Kuna nchi ambazo kuzibeba bila kibali ni kesi.

Begi la saiti

Futi ya mita 5 na nyingine ya mita 30. Timazi. Pima maji fupi. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 10 hadi 15, wa kuhamishia usawa wa maji kutoka kona hadi kona. Ni wa bei ndogo, hauhitaji betri na kila fundi anaujua. Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 25, tutaona sababu yake chini. Chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani. Chaki, kalamu za rangi zisizofutika, daftari lenye jalada gumu. Buti zenye chuma mbele, kofia ngumu, miwani ya kukinga vumbi, na barakoa nzuri kama utaingia kwenye vifusi, kwa sababu majengo ya zamani huweza kuwa na mabati ya asbesto na vumbi lake hubaki kwenye mapafu.

Kompyuta peleka, lakini usiitegemee.

Siku za kwanza usichore

Tembea eneo na watu watakaolitumia, wanawake na wanaume kwa nyakati tofauti, kwa sababu mbele ya wazee wa eneo wengine hawatasema kuwa njia ya kwenda chooni inatisha usiku. Uliza maji ya mvua hupita wapi na mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Mtu akuonyeshe kwa mkono kwenye ukuta au mti, kisha upime urefu huo. Uliza upepo mkali hutoka upande gani. Chimba mashimo mawili au matatu ya kina cha mita 1.5 hadi 2 pale jengo litakapokaa na uangalie udongo umebadilika wapi. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi huvimba mvua ikija na kuinua msingi. Hapo mwite mhandisi kabla ya kuendelea.

Kisha nenda madukani. Andika urefu halisi wa mbao, upana wa mabati, unene wa nondo, ukubwa wa tofali, na vinachukua siku ngapi kufika. Kama mbao ndefu kabisa inayopatikana ni mita 4, usichore chumba cha upana wa mita 7 chenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zisizo na kiungo. Mchoro mzuri ni ule ambao vipimo vyake vinaangukia kwenye tofali nzima na bati zima.

Tafuta fundi mkuu aliyejenga jengo lililosimama baada ya tetemeko au kimbunga cha mwisho, kama lipo, umuulize alifanyaje. Mwamkie kama mkubwa wa kazi, maana ndiye. Ukimsahihisha mbele ya vibarua wake siku ya kwanza, hatakuambia tena jambo lolote lililoharibika.

Vipimo vya kuanzia

Mwongozo wa Sphere, kitabu cha viwango vya msaada wa kibinadamu, toleo la 2018, ndio rejea ya mashirika mengi. Unatoa viwango vya chini, na ni rahisi kuvishika:

- Eneo lililoezekwa: mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, 4.5 hadi 5.5 kwenye baridi kali au mjini, ambako kupika na kuoga hufanyika ndani.
- Urefu hadi dari: si chini ya mita 2, na mita 2.6 kwenye joto.
- Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 500.
- Choo: tundu moja kwa watu 20, lisizidi mita 50 kutoka nyumbani. Shuleni, tundu moja kwa wasichana 30 na moja kwa wavulana 60.
- Shimo la choo: mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na kitako cha shimo kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.
- Kambini: mita za mraba 45 kwa mtu kwa jumla ya eneo lote, na nafasi tupu ya mita 30 kila baada ya mita 300 za majengo, ili moto usiruke.

Namba hizi si lengo, ni sakafu. Ukishindwa kuzifikia, andika sababu, na mnapunguza vipi madhara. Mlango wa choo ufungwe kwa ndani, mwanga uwepo, na mlango usielekee mahali pa kukusanyika wanaume. Njia ya kiti cha magurudumu iwe na mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 50 kunahitaji mteremko wa mita 6. Chora mapema, kwa sababu mita hizo sita hazipatikani tena ukuta ukishasimama.

Ramani ya fundi

Ramani nene ya kurasa arobaini hukaa ofisini. Saiti peleka kurasa sita au nane za ukubwa wa A3, kila moja ya hatua moja: kupima na kuchimba, msingi, kuta, nguzo na mkanda, paa, maji na vyoo. Vipimo viandikwe kutoka pembe moja ya kuanzia, si kimoja baada ya kingine, maana makosa madogo hujumlishika. Viungo muhimu vichorwe kwa macho ya mtu anayevitazama, pamoja na idadi: nondo ngapi, ringi ngapi, kila baada ya sentimita ngapi. Karatasi uzitie ndani ya plastiki na ubandike nakala ukutani kwenye kibanda cha vifaa.

Siku ya kupima, pembe za mraba hupatikana kwa kamba ya pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5. Halafu pima mishazari yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala. Ikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1 kwenye jengo la mita 12, sogeza mambo kabla ya mtu yeyote kushika sururu.

Zege na nondo

Hapa kaa muda mrefu. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, ilionyesha zege baya linafanya nini likiwa juu ya vichwa vya watu: mapaa mazito juu ya nguzo nyembamba, zege lenye saruji kidogo na nondo chache.

Anza na mchanga. Jaza chupa hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache saa moja hadi tatu. Mchanga utazama, na tope laini litakaa juu yake kama tabaka. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10, tope likizidi milimita 8, rudisha lori au uoshe mchanga. Mchanga wa pwani usioshwe kwa matumaini. Chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Ukatae.

Saruji: soma tarehe kwenye mfuko. Baada ya miezi mitatu stoo huwa imepoteza takriban moja ya tano ya nguvu, na kwenye unyevu hupoteza zaidi. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu. Mabonge yasiyosagika kwa vidole ni ya kutupa, hayachujwi.

Vipimo vya kuchanganya visifanywe kwa beleshi. Beleshi la asubuhi si beleshi la saa tisa, kibarua amechoka. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, ndani likiwa na sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hilo ni lita 35, ujazo wa mfuko mmoja wa kilo 50. Kwa nguzo na mkanda kwenye eneo la matetemeko tumia 1:2:3, yaani mfuko mmoja wa saruji, masanduku mawili ya mchanga, matatu ya kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa, yapunguze. Vita kubwa ya saiti ni hii: zege la maji mengi humwagika kwa urahisi, na kila mtu aliyechoka atataka ndoo moja zaidi. Weka ndoo yenye alama ya rangi, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuigusa. Zege lililochanganywa limalizwe ndani ya saa moja; kuliongezea maji ili lilainike tena ni kulivunja.

Nondo zipime kwa mizani, kwa kuwa nondo "ya 12" yenye unene wa milimita 10.5 ipo sokoni, na mbavu zake hudanganya futi. Kanuni ni kipenyo kwa milimita, kizidishwe kwa chenyewe, kigawanywe kwa 162: unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7, ya 10 ikaribie kilo 7.4. Nondo ya 12 ikisoma kilo 8 na nusu, umeuziwa kitu kingine, na hesabu ya mhandisi haipo tena.

Sasa inama uangalie ringi. Ringi ni kipande cha nondo ya milimita 6 kilichokunjwa mraba kuzunguka nondo nne za nguzo. Ncha zake mbili zinapokutana, fundi mwenye haraka huzikunja kwa pembe ya mraba, digrii 90, zikalala juu ya nondo na kufungwa kwa waya. Inaonekana nadhifu. Tetemeko likija, zege la nje hupasuka na kudondoka, ncha hizo hufunguka, ringi inaachia, na nondo nne zinapinda nje. Ncha zinatakiwa ziingie ndani ya kiini cha nguzo kwa digrii 135, kila moja urefu wa sentimita 6 au zaidi. Na mikunjo isikae kona moja nguzo nzima. Ihamishwe kona hadi kona, ringi kwa ringi. Nafasi: sentimita 20 katikati, sentimita 10 karibu na miisho ya juu na chini. Kunjeni ringi moja pamoja na mafundi, itundikeni kwenye kibanda kama kielelezo. Kwa kazi hii moja, safari yako imelipa.

Nondo zikiunganishwa, zipishane mara 50 ya kipenyo: ya 12 ni sentimita 60. Kwenye kona za mkanda, nondo zisikatike konani. Zipinde na kuendelea upande wa pili. Chini na pembeni ziwekwe vitofali vidogo vya zege vya unene wa sentimita 3 ili nondo zisilale kwenye mbao, na mawe ya kuokota yasitumike badala yake.

Kama ujenzi ni wa kuta zilizofungwa kwa nguzo, ukuta hutangulia na nguzo hufuata. Ukuta huachwa na meno pembeni, zege la nguzo linamwagwa kwenye meno hayo, vitu viwili vinashikana. Mafundi waliozoea fremu ya zege watataka kusimamisha nguzo kwanza. Wakifanya hivyo unabaki na ufa kati ya tofali na nguzo, na kuta zitadondoka kama hazikuwa na mwenyewe.

Mfano wa hesabu, wa kujifunzia: jengo la mita 12 kwa 8 lina mzunguko wa mita 40. Mkanda wa sentimita 20 kwa 20 unahitaji zege mita za ujazo 1.6. Kwa 1:2:3, kila mita ya ujazo hula takriban mifuko 7.3, hivyo ni 11.7, pamoja na upotevu agiza 13. Mchanga mita za ujazo 0.8, agiza 1. Kokoto 1.2, agiza 1.4. Nondo nne za mita 40 kila moja, zikiunganishwa kwa nondo za mita 12 zenye mapishano, ni nondo 16. Ringi kila sentimita 20 ni 200, na zile za karibu karibu kwenye kona ongeza 30. Kila moja hula sentimita 70, jumla mita 161. Kuta za ndani zina mkanda wao, zijumlishe peke yake. Msimamizi wa pale akishaweza kupiga hesabu hii bila wewe, hakuna lori litakalopungua njiani bila kugundulika.

Mkanda mzima umwagwe siku moja. Ikishindikana, simamisheni katikati ya ukuta, mbali na kona na nguzo. Kuanzia kesho yake zege linyweshwe maji na kufunikwa magunia mabichi kwa siku 7 mfululizo, Jumapili ikiwamo; mpe mtu mmoja jukumu hilo na umlipe. Mbao za pembeni hutoka baada ya siku moja au mbili. Nguzo za kushikilia sakafu ya juu zikae hadi wiki tatu au nne.

Paa

Upepo hauliangushi paa, hulinyanyua. Kwa hiyo kila kiungo kijibu swali moja: kinazuiliwa na nini kwenda juu? Bati kwa papi (mbao za kulala zinazopigiliwa bati), papi kwa kenchi, kenchi kwa mkanda, mkanda kwa nguzo, nguzo kwa msingi. Msumari mmoja wa kupigiliwa wima kwenye ubao hauhesabiki. Tumia vipande vya bati nene vilivyopita juu ya kenchi au nondo zilizoachwa zikitokeza kwenye mkanda. Nondo hizo lazima ziwekwe kabla ya zege, ndiyo maana mchoro wa paa unatangulia umwagaji wa mkanda. Kusahau hili ni kosa la kawaida kuliko yote, na dawa yake baadaye ni ghali na dhaifu.

Mwinuko wa karibu digrii 30 hustahimili upepo kuliko paa lililolala. Ukingo wa paa usitokeze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45 kwenye njia ya vimbunga. Baraza ipewe paa lake tofauti, ili likichukuliwa lisiondoke na la nyumba. Kwenye kingo, kileleni na mchirizini, misumari ya bati ipigwe kila wimbi la pili, juu ya wimbi na si bondeni.

Tabia na usalama

Utatia saini kanuni za maadili; zisome. Kanuni sita za mashirika ya kibinadamu kuhusu unyanyasaji wa kingono hazina mjadala: hakuna ngono kwa pesa, kazi au msaada, na hakuna uhusiano na mtu aliye chini ya miaka 18, haijalishi sheria ya nchi au utaratibu wa eneo unaruhusu nini. Mafunzo ya usalama ya Umoja wa Mataifa, BSAFE, yapo mtandaoni bila malipo. Yafanye kabla ya safari. Picha za watu zipigwe kwa ridhaa, na za watoto kwa ridhaa ya mzazi.

Usishike fedha za mradi. Usiahidi chochote mkutanoni, hata kisima. Neno la mgeni husikika kama ahadi ya shirika.

Malipo na makabidhiano

Mkandarasi alipwe kwa hatua iliyokaguliwa, si kwa tarehe, na asilimia 5 hadi 10 izuiliwe hadi muda wa matazamio, yaani wa kungoja kasoro za jengo zijitokeze, upite. Muda huo wa miezi 6 hadi 12 ujumuishe msimu mmoja kamili wa mvua, la sivyo paa halijajaribiwa. Kila badiliko liandikwe kwenye daftari la saiti siku hiyo hiyo: nini, kwa nini, nani aliamua, gharama imeongezeka au imepungua kiasi gani, na saini mbili.

Unapoondoka, acha michoro ya jengo lilivyojengwa kweli, pamoja na mahali mabomba na nyaya zilipopita, picha za nondo kabla ya kufunikwa zikiwa na jina la nguzo kwenye kila picha, orodha ya vifaa na maduka, na karatasi moja ya matengenezo yenye miezi: kusafisha michirizi kabla ya mvua, kukaza misumari ya paa baada ya upepo, kupaka mbao dawa ya mchwa. Viandikwe kwa lugha ya watakaovitumia, nakala tatu: kamati ya jengo, ofisi ya serikali ya eneo, shirika. Mafaili ya michoro uyaache katika muundo unaoharirika, ili msanifu wa pale asilazimike kuchora upya atakapoongeza chumba.

Panga na mwenzako aliyesajiliwa kule ukaguzi wa baada ya mvua za kwanza, umlipe au shirika limlipe. Nyufa nyembamba za plasta aziache. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha, au unaoingiza ncha ya kalamu, auwekee alama ya mstari kwenye ncha zote mbili, aandike tarehe na upana pembeni, arudi baada ya wiki nne. Ukiwa umevuka alama, mhandisi aitwe kuangalia msingi kabla ya fedha iliyozuiliwa kulipwa.